Zawadi Isiyodai Malipo: Habari za Neno la Neema katika Kilosa na Mikumi

Jubilii ni neno la zamani sana. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, Waisraeli waliamriwa kuhesabu miaka saba mara saba, kisha katika mwaka wa hamsini wapige baragumu katika nchi yote. Mwaka ule mtu aliyeuza shamba la baba zake kwa ajili ya umaskini alirudishiwa, na mtu aliyejiuza kwa ndugu yake alikwenda zake huru, yeye na watoto wake. Hakuulizwa kama amefanya kazi ya kutosha, wala hakuulizwa kama anastahili. Baragumu ililia, naye akarudi kwao.

Twaanza na habari hiyo kwa sababu siku za jubilii sisi watu wa Kanisa twapenda kuhesabu kazi zetu. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, wagonjwa waliotibiwa Berega, na watu waliobatizwa. Hesabu hizo ni njema, wala hatuzidharau. Lakini sisi tulioagizwa kuandika sura hii tumeona vema kusimulia habari za jambo lisiloandikwa katika daftari, nalo ndilo msingi wa hayo yote: kwamba mwanadamu huokolewa kwa neema ya Mungu tu, kwa njia ya imani, wala si kwa kustahili kwake. Neno hilo lilifika katika nchi ya Kilosa zamani, lakini kulifika masikio si kulifika moyo. Imekipasa kila kizazi kulisikia upya, tena mara nyingi kwa shida.

ZAWADI ZA MSOVERO

Msomaji asishangae tukianza na habari isiyo ya Kanisa. Mwaka wa 1884, mwezi wa Novemba, Mdachi mmoja jina lake Carl Peters alipita katika nchi ya Usagara pamoja na wenzake. Tarehe 29 ya mwezi ule, huko Msovero, alifanya mkataba na mzee Mangungo. Zawadi zilitolewa, na maneno ya urafiki yakasemwa. Kisha karatasi ikaletwa, imeandikwa kwa Kidachi, na alama ya mzee ikatiwa chini yake. Karatasi ile ilisema kwamba Mangungo ameitoa nchi yake pamoja na haki zake zote, naye amekwisha kupokea malipo, yaani zile zawadi. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatia hati yake ya ulinzi juu ya nchi hizo. Hivyo watu wa Msovero walijikuta wameuza wasichojua kuwa wanauza, kwa bei wasiyojua kuwa ni bei.

Watoto wote wa Tanzania wamefundishwa habari hiyo shuleni. Sisi twaikumbuka hapa kwa sababu moja. Watu waliotendewa hivyo walikuwa na haki ya kuogopa neno "zawadi." Walijifunza kwamba mgeni akitoa kitu bure, huenda karatasi imo mfukoni mwake. Na katika miaka ileile wageni wengine walikuwa wakipita vijijini wakisema, Tumewaletea zawadi, pokeeni, hamtadaiwa kitu. Je, nani angewasadiki upesi?

INJILI YAFIKA UKAGURU

Wamisionari wa Kanisa la Uingereza, waliotumwa na chama cha CMS, walipita nchi hii walipokuwa wakitafuta njia ya kwenda Buganda. Mwaka wa 1877 Alexander Mackay alikata njia kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, apate kupitisha magari. Mwaka wa 1878 kituo cha Mpwapwa kikasimama, na karibu na mwaka wa 1880 J. T. Last akakaa Mamboya, katika milima ya Ukaguru. Last alijifunza lugha ya watu, na mwaka wa 1886 kitabu chake cha sarufi ya Kikaguru kilichapwa. Upande mwingine, Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka wa 1868, walikuwa wakipanda bara, wakajenga Mhonda mwaka wa 1877 na Morogoro mwaka wa 1882.

Kazi ya kwanza ya wamisionari ilikuwa kutafuta maneno. Nao katika Kiswahili wakalikuta neno "neema." Neno hili halikuzaliwa kanisani. Watu wa pwani walikuwa nalo zamani, nalo hutajwa hata leo na Mwislamu na Mkristo. Mwaka wa neema ni mwaka wa mvua, ghala zimejaa, na mgeni hapiti njia bila kupewa chakula. Kinyume chake ni mwaka wa njaa. Twaona lilikuwa neno jema kwa watu wakulima, kwa maana mkulima ajua jambo ambalo wenye kuishi kwa mshahara huweza kulisahau. Hulima, hupanda, hupalilia. Lakini mvua hailimwi. Yatoka juu, humnyeshea mvivu na mwenye bidii, wala hakuna aliyepata kumpelekea Mungu hesabu ya jasho lake akadai mawingu.

Hata hivyo, wazee walikuwa na njia zao za kuomba mvua. Walikwenda makaburini kutambika, wakapeleka pombe na nyama, wakawakumbusha wahenga kwamba watoto wao hawajawasahau. Tambiko lilikuwa na heshima yake, nalo liliwafundisha watu kwamba hawaishi peke yao. Lakini ndani yake mlikuwa na swali lisilokwisha: je, tumetoa vya kutosha? Mvua ikikawia, jibu lilikuwa kwamba kuna mtu aliyekosa.

MAJI NA MASHARTI YAKE

Mwaka wa 1905, mwezi wa Julai, vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Umatumbi, vikaenea hata kwa Wavidunda na Wasagara, yaani kwa watu wa milima inayoitazama mbuga ya Mikumi. Watu walikuwa wamechoka kwa kodi na kazi za kulazimishwa, na uchungu wao ulikuwa wa haki. Dawa ya vita ilikuwa maji. Aliyeyapokea aliambiwa kwamba risasi za Wadachi hazitamdhuru. Lakini maji yale yalikuwa na miiko, na mtu alipopigwa risasi akafa, ilisemwa kwamba amevunja mwiko. Hivyo marehemu alikufa mara mbili, mara moja kwa bunduki na mara ya pili kwa lawama.

Hatusemi hayo ili kuwacheka mashujaa wale. Twayasema kwa sababu hivyo ndivyo ilivyo kila dini ya masharti, hata ikiitwa ya Kikristo. Ahadi ni kubwa, lakini hutegemea usafi wa mwenye kupokea. Ikifanikiwa, sifa ni ya dawa. Isipofanikiwa, aibu ni ya mgonjwa. Na wako watu katika nchi yetu walioyapokea maji ya ubatizo kwa moyo uleule, kana kwamba ni kinga, wakaishi kwa hofu ya miiko. Mtoto wao akifa, husema moyoni, Tumekosa wapi? Mtu wa namna hiyo amebatizwa, naam, lakini bado hajaambiwa Habari Njema. Au ameambiwa, wala haijamfikia.

MTANI

Hata hivyo katika desturi za nchi yetu mlikuwa na mlango uliokuwa wazi. Kwa Wakaguru, kama kwa majirani wengi, kifo huleta uchafu juu ya wafiwa. Mfiwa hawezi kujitakasa mwenyewe. Wala ndugu wa ukoo wake hawawezi kumtakasa, kwa maana nao wamo katika msiba uleule. Aliye topeni hawezi kumtoa mwenziwe aliye topeni. Ndipo huitwa mtani, mtu wa ukoo mwingine, aliye mgeni na rafiki kwa pamoja. Yeye ndiye atendaye yale ambayo wafiwa wenyewe hawawezi kuyatenda, na akiisha kuyatenda, nyumba ni safi.

Mhubiri akiwaambia wasikilizaji wake kwamba mwanadamu hawezi kujiosha dhambi, nao wakapata shida kufahamu, awaulize habari za msiba. Ni nani awezaye kuwa mtani wa watu wote, asiyekuwa katika uchafu wetu, naye akakubali kuingia nyumba yetu ya matanga? Mfano huo una mpaka wake. Mtani hupewa haki yake, kuku au fedha, na asipopewa hutania kwa ukali. Lakini Bwana wetu aliingia katika msiba wetu, akatutakasa, na gharama akaitoa mwenyewe. Hapo mfano wa zamani hukoma, na Injili huanza.

SHERIA ZA KANISA

Sasa hatuna budi kusema jambo la kutuhuzunisha. Wamisionari wa CMS waliijua sana mafundisho ya neema. Ilikuwa imeandikwa katika Makala ya 11 ya Kanisa lao, katika zile Makala 39 zilizokamilishwa mwaka wa 1571, kwamba twahesabiwa haki mbele za Mungu kwa ajili ya Kristo tu, kwa imani. Nayo ilitoka kwa watu kama Martin Luther, mtawa wa Wittenberg, ambaye mwaka wa 1517 aliandika hoja 95 juu ya vyeti vya msamaha. Siku zile vyeti vile viliuzwa kwa fedha, na sehemu ya fedha ilikwenda kujenga kanisa kubwa la Mtakatifu Petro huko Roma. Luther alikuwa amefunga na kukesha miaka mingi akitafuta kumpendeza Mungu, hata akafahamu katika Waraka kwa Warumi kwamba haki ile aliyoitafuta ni kitu ambacho Mungu humpa mtu.

Lakini neno lililotoka kitabuni lilipovuka bahari likafika kijijini, mara nyingi lilivaa nguo nyingine. Mtu aliyetaka ubatizo alipaswa kwanza kujifunza kusoma, hata mahali pengi Wakristo wakaitwa "wasomaji." Pombe ilikatazwa, na ngoma, na tambiko, na kuoa wake wengi. Aliyevunja sheria alizuiwa kwenye Meza ya Bwana. Sheria hizo hazikuwa mbaya zote. Nyingine ziliwalinda wanawake na watoto. Lakini kijijini watu waliona yanayoonekana. Kwao Mkristo alikuwa mtu mwenye kanzu safi na kitabu, asiyekunywa pombe mbele ya watu. Wazee waliona desturi moja imeletwa mahali pa desturi nyingine, na miiko mipya juu ya miiko ya kale. Karatasi ya Msovero ilikuwa kama imerudi tena: zawadi imetolewa, na masharti yake yakafuata.

Wala haikuwa hivyo kwa wote. Katika vita vya 1914 hata 1918 wamisionari Waingereza walifungwa na Wadachi, na waalimu Waafrika nao walikamatwa, wakapigwa na kuteswa. Kilosa ilitwaliwa na majeshi ya Waingereza mwezi wa Agosti 1916. Katika miaka ile hapakuwa na mshahara wala cheo kwa mtu kujiita Mkristo. Waliodumu kusali walidumu kwa sababu walikuwa wameshika kitu, au tuseme, walikuwa wameshikwa. Mwaka wa 1927 Dayosisi ya Central Tanganyika ilizaliwa, na Askofu George Chambers akawa askofu wake wa kwanza, na Wakristo wa Australia wakaipokea kazi. Walikuta Kanisa ambalo waalimu Waafrika walikuwa wamelichukua mabegani.

MOTO KUTOKA MAGHARIBI

Mwaka wa 1929, katika kilima cha Namirembe huko Uganda, mganga Mwingereza Joe Church alikutana na Mganda, Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa Wakristo wa miaka mingi, nao wote wawili waliona kiu ndani yao. Walisoma Maandiko pamoja na kuomba. Baadaye uamsho ulitokea Gahini, katika Rwanda, ukaenea Uganda na Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1930 uliingia Tanganyika kwa njia ya shule ya waalimu ya Katoke, magharibi ya Ziwa la Viktoria Nyanza. Katika miaka ya 1940 na 1950 ulifika Dodoma, ukafika na Ukaguru.

Ajabu ya uamsho ule ni kwamba haukuanza kwa wapagani. Ulianza kwa waalimu, na makasisi, na wake zao, watu walioshika sheria zote za Kanisa. Hao ndio waliosimama mbele ya watoto waliowafundisha wakasema, Sisi hatukuwa tumeokoka. Tumehubiri miaka mingi juu ya mlango, nasi tumesimama nje. Waliungama wizi, na uzinzi, na chuki baina ya Mzungu na Mwafrika. Na Wazungu wengine nao waliungama kiburi chao, jambo ambalo katika siku za ukoloni halikuonekana mara nyingi. Walipoulizwa, Mmefanya nini mpate amani hii? walijibu kwamba hawakufanya kitu, ila wameacha kujitetea.

Hapo ndipo neno la Makala ya 11 liliposikiwa. Na tunda lake likaonekana, kwa maana watu walianza kurudisha mali za wenyewe. Fedha za shule zilirudi, na nguo, na vyombo. Waliokuwa hawasemezani walikwenda kuombana radhi. Twaomba msomaji aangalie sana utaratibu wa jambo hili. Mtu hakurudisha jembe la jirani ili apate kuokoka. Aliokoka, ndipo jembe lile likawa zito mkononi mwake, hata asiweze kulala nalo nyumbani. Wale wasemao kwamba mafundisho ya neema huwafanya watu kuwa walegevu, na watuambie ni sheria gani ya Kanisa, kwa miaka sitini, iliyorudisha majembe mengi namna ile. Yakobo katika waraka wake asema kwamba imani isiyo na matendo imekufa, nasi twamsadiki. Lakini mti hauishi kwa sababu umezaa; huzaa kwa sababu u hai.

Wengi wa viongozi waliofuata walitoka katika moto huo au waliota joto lake. Tarehe 15 Mei 1955, huko Namirembe, Askofu Mkuu Geoffrey Fisher wa Canterbury alimweka wakfu Yohana Omari kuwa askofu msaidizi wa Central Tanganyika, askofu Mwafrika wa kwanza wa Kianglikana katika Tanganyika. Makao yake yalikuwa Morogoro. Dayosisi ya Morogoro ilipozaliwa mwaka wa 1965, askofu wake wa kwanza alikuwa Gresford Chitemo, shahidi wa uamsho. Naye Festo Kivengere, Mganda aliyefundisha shule huko Dodoma tangu miaka ya 1940 hata 1959, baadaye akawa askofu wa Kigezi. Mwezi wa Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa, Kivengere alikimbia Uganda. Na mwaka uleule akatoa kitabu kueleza kwa nini ampenda Idi Amin. Si kwamba Amin alistahili. Kivengere alijua habari za kupendwa asiyestahili, kwa kuwa ndivyo alivyopendwa yeye.

Lakini tusifiche makosa. Uamsho nao ulizaa miiko yake. Baadhi ya ndugu walianza kuwapima watu kwa maneno ya ushuhuda, kwa mavazi, na kwa salamu. Aliyesimulia siku na saa ya kuokoka kwake alihesabiwa wa ndani. Asiyeweza alihesabiwa wa nje. Mahali pengine Kanisa liligawanyika. Hivyo hata neema, ikiwekwa mikononi mwetu, hugeuka kuwa sheria kabla jua halijachwa. Twasema hivyo ili msomaji ajue kwamba ugonjwa huu si wa Wazungu peke yao, wala wa wazee peke yao. Ni wa moyo wa mwanadamu, upendao kununua kuliko kupewa, kwa sababu mnunuzi hamwinamii mtu.

WAGENI WA MIKUMI

Mikumi ilipata jina lake kwa mikumi, ile miti mirefu ya jamii ya minazi. Katika miaka ya 1960 mahali hapa paligeuka sana. Reli ya tawi kutoka Kilosa ilipita hapa kwenda Kidatu, na mwaka wa 1964 mbuga ya wanyama ikafanywa hifadhi ya taifa. Kisha barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia ikatiwa lami, kiwanda cha sukari kikavuta watu bonde la Kilombero, na bwawa la Kidatu likajengwa. Watu wakaja kutoka pande zote: Wahehe na Wabena, Wachaga na Wanyakyusa, Wagogo na Wapogoro. Kila mtu alikuja na mzigo wake, na ndani ya mzigo alikuja na Kanisa la kwao. Mmoja alikuwa Mlutheri, wa pili Mkatoliki, wa tatu Mmoravian, wa nne Mwanglikana.

Basi ikawa swali kubwa: Mkristo wa kweli ni nani? Huyu anakunywa pombe kidogo, naye kwao si dhambi. Yule anafunga Kwaresima, naye jirani yake hafungi. Kama ingekuwa sheria ndiyo inayotuunganisha, Mikumi isingepata Wakristo wawili wa kupatana, kwa maana sheria za makwao hazikulingana. Lakini wote walikuwa wamesikia habari za Msalaba uleule.

Jambo hili limekubaliwa hata na wakubwa wa Makanisa. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg katika Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi tangazo moja juu ya kuhesabiwa haki. Walikiri pamoja kwamba twakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu, na kwamba Roho hutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti waliungana nao mwaka wa 2006, Waanglikana wakaupokea ukweli wake mwaka wa 2016, na Makanisa ya Reformed mwaka wa 2017. Tofauti zimebaki, wala si ndogo. Lakini jambo lililowapasua Wakristo wa Ulaya kwa miaka karibu mia tano halipaswi kutufanya sisi, tunaoteka maji kisima kimoja, tupite bila kusalimiana.

MAJARIBU YA SIKU HIZI

Je, katika siku zetu vyeti vya msamaha vimekwisha? Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano. Walikuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako, wapate baraka na uponyaji. Hatuwahukumu marehemu, walikuwa watu wenye shida, wakitafuta msaada. Lakini na tuulize ni nani aliyewafundisha kwamba baraka ya Mungu imemwagwa mahali pamoja chini, nayo humfikia tu mwenye kuwahi.

Wala tusiwatazame wengine peke yao. Yako makanisa ambamo mtu akifa, neno la kwanza kuulizwa ni kadi yake: je, amelipa zaka, amemaliza michango ya jengo? Mama mzee aliyefagia kanisa miaka arobaini, naye miaka yake ya mwisho hakuwa na senti, aweza kukosa mtu wa kumwombea kaburini. Michango ni ya haki, kwa maana Kanisa halijengwi kwa upepo. Lakini siku tunapomfanya maiti adaiwe, tumeitoa tena ile karatasi mfukoni. Na watoto wa mama yule, wakisimama pale kaburini, watajifunza mafundisho ambayo hakuna mahubiri yatakayoyafuta.

NENO KWA WAALIMU

Ninyi waalimu wa katekisimo na wa shule ya Jumapili, twawaomba jambo moja. Mtakapowafundisha watoto neno "kuokoka," waulizeni habari za mto Mkondoa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto ule ulifurika Kilosa, ukabomoa nyumba, ukakata reli, na maelfu ya watu wakakaa katika mahema. Aliyeopolewa majini hakutoka akijisifu jinsi alivyoogelea. Alishika kamba aliyotupiwa. Imani ni mkono ule ulioshika kamba; mkono haukuisuka kamba, wala haukuuliza kwanza kama ni safi. Ndiyo maana mtu asema "nimeokolewa," na asingeweza kusema kwa haki kwamba amejiokoa.

Kisha waulizeni: aliyeopolewa, akimwona jirani yake katika maji yaleyale, atafanya nini? Mtoto mdogo atajibu upesi kuliko mwanachuoni. Hapo mtakuwa mmefundisha neema na matendo pamoja, kila kimoja mahali pake.

Watu wa Msovero walipewa zawadi yenye karatasi ndani yake. Sisi tumepewa zawadi nyingine. Hati ya deni letu, Paulo awaambia Wakolosai katika sura ya 2, imeondolewa, imepigiliwa msalabani. Haimo mfukoni mwa mtu yeyote, wala askofu, wala kasisi, wala mhazini. Basi katika mwaka huu wa jubilii, tukiisha kuhesabu makanisa na shule na watu, na tuyafunge madaftari, tukasikilize baragumu. Aliyeuza urithi wake na arudi nyumbani. Na ikiwa yuko jirani tunayemzuia mlangoni kwa ajili ya deni, na tumwite kwa jina lake, aingie pamoja nasi.

Mungu mwenye neema awabariki wote watakaosoma maneno haya, wa Kilosa na wa Mikumi, wa mlimani na wa bondeni. Amin.